Magari Yaliyogoma Kuachana

Kila asubuhi, kabla mwanafunzi wa kwanza hajafika, mwalimu wa udereva alivifuta vioo vya gari lake kwa mpangilio ule ule: kwanza kioo cha ndani, kisha cha kulia, kisha cha kushoto, na mwisho kile kidogo cha ziada alichokifunga mwenyewe upande wake ili aone nyuma bila kumwegemea mtu. Baada ya vioo aliweka mto kwenye kiti cha dereva. Mto ulikuwa wa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyeamua kujifunza kuendesha gari uzeeni kwa sababu alikuwa amechoka kuomba lifti kwa watu aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa.

"Nilikufungulia dunia," aliwaambia, "na wewe unashindwa kunifungulia mlango wa gari?"

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga. Mwalimu naye, dada mwembamba wa maneno machache, aliitwa na wanafunzi wake Mwalimu Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka mara nyingi zaidi. Alikuwa na sauti ndogo. Dukani alipewa asichokiomba, akashukuru, akaenda nacho nyumbani. Kwenye vikao vya shule ya udereva aliponyoosha mkono, wenzake walidhani anajinyoosha tu. Lakini ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa na mtu mmoja tu wa kumsikiliza, sauti yake ilitosha na kubaki. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo hasa, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi hiyo Mama Mkunga alifunga mkanda, akatazama vioo, akaingiza gia bila kuikwaruza. Walipofika kwenye taa za barabarani zikawaka nyekundu, akasimama nyuma ya mstari kwa adabu kama mtu aliyefika mlangoni kwa wakwe.

"Nimesimama?"

"Umesimama vizuri sana, Mama."

"Nilikuwa nahakikisha tu. Magoti yangu bado yanakwenda."

Mwalimu alitupia jicho kile kioo kidogo. Nyuma yao lilikuwa linakuja gari refu la kijivu. Dereva wake alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa pindo la shati, bila haraka, akiiinua kwenye mwanga na kuichungulia kama mtu anayekagua mayai. Mwalimu alipata nafasi ya kusema, "Jishike, Mama," naye akasema. Kisha gari la kijivu likaingia kwenye gari lao kwa nyuma. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa sufuria inayotumbukizwa ndani ya nyingine.

"Nimefanya nini?" aliuliza Mama Mkunga.

"Hujafanya kitu, Mama. Vuta breki ya mkono."

Mama Mkunga akavuta. Mwalimu akashuka. Dereva wa nyuma naye alishuka, akiwa na nundu kwenye paji la uso na miwani safi kabisa mkononi. Alikuwa fundi wa miwani, mwenye duka karibu na benki, lenye kibao kilichoandikwa "Uone Vizuri". Watu walimwita Bwana Miwani.

Mwalimu alimtazama ile nundu, na kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akasema, "Pole sana, kaka. Umeumia?"

"Dada," alisema Bwana Miwani, mkono ukiwa kifuani, "dada yangu, nisa—"

Simu yake ikaita. Ilikuwa kampuni yake ya bima. Hakuna aliyewaarifu, lakini kampuni za bima hupata habari. Bwana Miwani alisikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa, akairudisha simu mfukoni na kufunga mdomo.

"Nisa nini?" Mama Mkunga alipaza sauti kutoka dirishani. "Malizia, baba."

"Nimekatazwa kumalizia, Mama."

Ulikuwa ni utaratibu wa kampuni. Mteja anayekiri kosa barabarani anapoteza bima yake yote, ya gari na ya duka. Bwana Miwani alieleza hilo kwa unyenyekevu mkubwa, macho yakiwa chini, na kila alipomaliza sentensi alionekana kama ana nyingine imemkwama kooni.

Lililobaki lilikuwa kuyatenganisha magari, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba magari hayakutaka. Gari la kukokota lilivuta mpaka mnyororo ukakatika. Fundi wa gereji alikuja na mashine ya kukatia chuma, akakata bampa la nyuma la gari la shule likaachana na boneti la gari la kijivu kwa upana wa kiganja. Alipoinama kuokota kifaa chake, chuma kilikuwa kimerudiana bila hata kovu. Akakata tena. Kikarudiana tena. Fundi akazima mashine, akaifungasha.

"Haya yanasubiri bima," alisema. "Nimeshayaona ya namna hii. Hayaachani mpaka kosa lipate mwenyewe."

"Na mpaka wakati huo?" aliuliza Mwalimu.

"Yaendesheni hivyo hivyo. Ila huyu wa nyuma lazima akae kwenye usukani wake, la sivyo kwenye kona mtazibomoa nyumba za watu."

Mkuu wa shule ya udereva alisikiliza habari yote akiwa anakula ndizi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema gari linaweza kuendelea kufundisha, hata likiwa na mkia, kwa kuwa sheria za shule hazikutaja mkia. Lakini sheria zilitaja mwalimu. Mwalimu aliyebebeshwa kosa la ajali, hata kipande, hawezi kuvaa beji ya kufundishia.

"Kwa hiyo, dada, hilo kosa lisije kwako," alisema Mkuu. "Hata nusu. Ukiniletea nusu, mimi na wewe ndiyo basi."

"Lakini tulikuwa tumesimama," alisema Mwalimu.

"Ehe?"

"Tulikuwa tumesimama."

"Ongea kwa sauti, dada, ndizi inaniziba masikio."

"Nimeelewa," alisema Mwalimu.

Kampuni zote mbili za bima zilikuwa kwenye jengo moja, ghorofa moja, milango ikitazamana. Karani wa kampuni ya Mwalimu alikuwa mama wa makamo aliyejifunga sweta mabegani. Karani wa kampuni ya Bwana Miwani alikuwa kijana mwenye tai fupi. Walitumia birika moja la chai na benchi moja la kulia chakula. Lakini jambo la kazi waliambizana kwa barua. Barua ilitoka mlango huu, ikashuka ngazi, ikapelekwa posta, ikalala huko siku kadhaa, ikarudi, ikapanda ngazi, ikaingia mlango wa pili. Mwalimu aliuliza kama wasingeweza kusemezana tu pale kwenye benchi. Wote wawili waliinamisha vichwa kwa haya, kama walioombwa wavue nguo.

Kwenye chumba cha kusubiri walikuwepo wengine. Palikuwa na mzee aliyeunguliwa nyumba, ambaye mabega yake bado yalifuka moshi kidogo. Mapokezi walimwomba kwa heshima akae karibu na dirisha. Palikuwa na bwana aliyeibiwa pikipiki, na kila aliposimama kutembea, miguu yake ilikanyaga hewani mapaja yakiwa yamepanuka, kwa sababu kampuni ilikuwa haijakubali kwamba pikipiki haipo. Mwalimu aliwasalimia wote, akakaa. Bwana Miwani alikaa kando yake. Ilibidi waje pamoja kila mara, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya mmoja wao kufika popote.

Kampuni ya Bwana Miwani ilisema haiwezi kulikagua gari la mteja wao mpaka litenganishwe na la mwenzake. Kampuni ya Mwalimu ilisema magari yasitenganishwe mpaka yakaguliwe, maana namna yalivyoshikana ndiyo ushahidi. Barua zikapanda na kushuka.

Mwishowe Mwalimu aliitwa mezani kwa karani wake kujieleza. Alieleza taa, mstari, breki, na kile alichokiona kwenye kioo. Yule mama wa sweta aliandika kila kitu, kisha akauliza, "Gari lako lina breki ngapi?"

"Mbili. Moja ya mwanafunzi, moja yangu. Ndivyo magari ya kufundishia yalivyo."

"Na klachi?"

"Mbili pia."

"Kwa hiyo madereva wawili." Akaandika. "Na wa nyuma ni mmoja. Unaona linavyoelemea kwenu?"

"Lakini breki zote mbili zilikuwa zimekanyagwa," alisema Mwalimu.

"Tena zote mbili!" alisema karani kwa masikitiko, akapiga mstari chini ya neno. "Halafu huku kuna jambo la pole. Imeandikwa hapa kwamba wewe ndiye uliyetangulia kumpa pole."

"Alikuwa na nundu."

"Mtu asiye na kosa anatoa pole ya nini, dada yangu? Mimi nakuuliza kama mdogo wangu."

"Nilimwona kwenye kioo," alisema Mwalimu. "Alikuwa amevua miwani, anaifuta."

Karani akaweka kalamu chini na kumtazama kwa huruma ya kweli.

"Kwenye kioo mambo yote huonekana kinyume. Kulia ni kushoto. Wewe unasema kwenye kioo alikuwa nyuma. Sasa hebu fikiria mwenyewe alikuwa wapi."

Mwalimu alifikiria. Alipotaka kujibu, sauti yake ilifika katikati ya meza na kuishia hapo.

Maisha yaliendelea, yakiwa marefu kuliko zamani kwa urefu wa gari moja. Kila asubuhi Bwana Miwani alifika uwanja wa shule ya udereva akiwa amechana nywele, akaketi kwenye usukani wake, akafunga mkanda. Duka alikuwa amelifunga na kubandika tangazo: "Nipo nyuma ya gari la mafunzo." Wateja walimfuata. Taa zikiwaka nyekundu waligonga dirisha lake, wakajaribu miwani, wakasoma herufi alizozibandika mgongoni mwa kiti. Taa zikigeuka kijani mapema, mteja aliondoka na miwani ya mwingine, wakabadilishana kwenye taa zinazofuata.

Baadaye magari yakaanza kuelewana. Ukibonyeza honi ya mbele, ililia ya nyuma. Ukifungua maji ya kuoshea kioo huku, yalirukia kule. Kisha maneno nayo yakaanza kuvuka. Lililosemwa ndani ya gari moja lilisikika ndani ya jingine kupitia spika za redio, redio ikiwa imezimwa. Hili lilimrahisishia Mwalimu kazi. "Kulia, taratibu," alimwambia Mama Mkunga, na sukani mbili zikazungushwa kulia, taratibu. Bwana Miwani alikuwa ameendesha gari tangu ujana wake, na kumbe alikuwa na tabia mbaya nyingi. Mwalimu alimrekebisha moja moja. Alimfundisha kutazama vioo kabla ya kupunguza mwendo. Alimfundisha kutoweka mkono kwenye gia kama anayemshika mtoto kichwa. Bwana Miwani alijifunza haraka, na hakuna siku aliyochelewa.

Ila neno lile hakulisema.

Badala yake alileta vitu. Alileta kitambaa laini sana cha kufutia vioo. Alileta chupa ya chai, akaipitisha dirishani kwa fimbo. Alileta mto mpya wa Mama Mkunga, wenye tundu katikati kwa ajili ya nyonga. Mvua ilipowakuta uwanjani alimshikia Mwalimu mwavuli, yeye akaloa mpaka soksi. Mwalimu kila mara alisema, "Asante, kaka. Hukuwa na haja." Na kila aliposema hivyo, mshale wa joto kwenye gari lake ulipanda, maji yakachemka, mvuke ukatoka chini ya boneti.

Fundi wa gereji alilikagua gari kuanzia rejeta mpaka feni.

"Halina tatizo," alisema akijifuta mikono. "Linachemka kwa niaba ya mtu."

"Ya nani?" aliuliza Mwalimu.

Fundi alimtazama kidogo, akaongeza maji, akafunga boneti.

Mama Mkunga hakuwa na subira ya aina hiyo. Alikuwa akiongea na ile spika huku anaendesha, macho yakiwa barabarani kama alivyofundishwa.

"Wewe baba wa nyuma. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Una mimba ya maneno tangu siku ile. Utazaa lini?"

"Mama, nimekatazwa."

"Na nani? Hao wa ghorofani? Walikuwepo?"

"Nina duka, Mama. Nina bima. Halafu fikiria, mimi ni fundi wa miwani. Nikisema sikuona gari lililosimama mbele yangu mchana kweupe, nani tena atanunua miwani kwangu?"

"Mimi sinunui hata sasa," alisema Mama Mkunga. "Mwalimu, mwambie kitu huyu."

"Gia ya tatu, Mama," alisema Mwalimu. Mvuke ulianza kuonekana.

Siku ya uamuzi waliitwa wote wawili. Milango ya kampuni zote ilikuwa wazi, na makarani walikuwa wameketi kwenye korido, kila mmoja upande wake wa sakafu, faili likiwa katikati juu ya kigoda. Yule mama wa sweta alisoma. Kwa kuwa kulikuwa na breki mbili, na kwa kuwa pole ilitolewa, na kwa kuwa kioo ni kioo, kosa lilikuwa limegawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya huku ilikuwa imeifuta nusu ya kule, kwa hiyo hakuna kampuni iliyodaiwa na yeyote. Makarani wote wawili walionekana kufurahi, kama watu waliomaliza kufua.

"Bwana Miwani," alisema kijana wa tai fupi, "kabla hatujafunga. Una neno lolote?"

Hata mzee wa moshi aligeuka pale dirishani. Bwana Miwani alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena. Mwalimu alikuwa amesimama kando yake, ameshika beji yake kifuani kwa vidole viwili. Alijua anachokijua. Bwana Miwani alijua kwamba anakijua.

"Sina," alisema Bwana Miwani.

"Na wewe, dada?"

"Mimi…" alisema Mwalimu.

"Samahani, sikukusikia?"

"Basi tu," alisema Mwalimu.

Faili likafungwa. Walishuka ngazi, wakatoka nje, na magari yalikuwa palepale, yameshikana kama mwanzo. Fundi wa gereji alipopita kuyatazama, hakuonekana kushangaa. Alisema kufunga faili ni jambo moja na kosa kupata mwenyewe ni jingine, na magari hayasomi faili.

Mkuu wa shule alikuwa na ndizi nyingine. Alisema amesikitika, na alisikitika kweli, kwa sababu aliiacha ndizi nusu. Alimruhusu Mwalimu amfikishe Mama Mkunga kwenye mtihani, kwa kuwa kumbadilishia mwanafunzi mwalimu siku za mwisho ni kumwonea. Baada ya hapo beji irudi mezani.

Mtahini alikuwa mtu mkavu mwenye buti zilizong'aa. Alilizunguka gari la shule, akaendelea kulizunguka na la kijivu, akarudi mbele.

"Hilo la nyuma ni lako?" alimuuliza Mama Mkunga.

"Linanifuata tu."

"Sawa. Ukirudi nyuma, lihesabu."

Mama Mkunga alilihesabu. Alipanda mlima, akashuka, akapisha gari la wagonjwa, akaegesha magari yote mawili kati ya lori na ukuta kwa kurudi kinyumenyume, Bwana Miwani akizungusha usukani wake bila kuambiwa, pua ya gari moja na mkia wa jingine zikaingia kama mkono mfukoni. Mtahini aliandika "amefaulu". Pembeni aliandika kwamba dereva wa pili ana nidhamu.

Mama Mkunga aliposhuka mbele ya nyumba yake hakuingia ndani mara moja. Alizunguka upande wa Mwalimu, akaingiza kichwa dirishani.

"Mwanangu."

"Naam, Mama. Hongera. Nimefurahi sana."

"Wacha hongera. Nimekaa wodini miaka yangu yote. Walikuwepo wasichana kama wewe, waliokuja kujifungua wakaogopa kusumbua. Wanauma shuka, wanasema asante nesi. Nilikuwa nawaambia, binti, hakuna atakayekupa zawadi kwa kunyamaza. Piga kelele. Mtoto anatafuta njia, na wewe unamfungia mlango kwa adabu."

"Mimi sina mtoto, Mama."

"Najua huna mtoto," alisema Mama Mkunga, akampiga kofi dogo la shavu, akaenda zake na mto wake kwapani.

Mwalimu aliingia kiti cha dereva. Walipitia shule ya udereva, akaingia ofisini, akaiweka beji juu ya meza ya Mkuu ambaye hakuwepo, akatoka. Kisha akaondoa gari kuelekea nyumbani, na gari la kijivu likaja nyuma yake kwa sababu halikuwa na pengine pa kwenda. Jua la alasiri lilikuwa linapiga vioo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hapakuwa na mwanafunzi kando yake. Breki ile ya pili ilikuwa tupu miguuni pa kiti kitupu. Alifikiria kwamba kesho asubuhi hatakuwa na sababu ya kuvifuta vioo, na kwamba atalazimika kutafuta kazi ya kuongea na watu kwenye chumba kikubwa.

Spika ilikwaruza.

"Mwalimu," alisema Bwana Miwani.

"Naam, kaka."

"Nilikwenda ghorofani jana. Niliwauliza kama sasa naruhusiwa kusema. Wakasema faili limeshafungwa, sasa naweza kusema ninachotaka, halihesabiki tena. Hakuna mahali pa kuliandika." Alipumua kwa nguvu, spika ikanguruma. "Kwa hiyo nasema. Nilikuwa nimevua miwani. Nilikuwa naifuta kwa shati. Taa sikuiona, na ninyi sikuwaona, na mlikuwa mmesimama. Kosa ni langu lote. Nisamehe, dada yangu. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu ile siku."

Baada ya hapo alilia kidogo, kwa raha, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Barabara ilikuwa wazi. Magari mawili yaliendelea kwenda yakiwa yameshikana, si kwa nguvu zaidi wala kwa ulegevu zaidi. Mwalimu alitazama mbele. Alitazama kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikafika kifuani, kikafika kooni, na safari hii hakukifungia mlango.

"Uliomba ruhusa," alisema.

"Eeh?"

"Ulikwenda kuomba ruhusa!" Sauti ilikuwa kubwa. Ilitoka kwenye spika za magari yote mawili na kwenye madirisha yote, na mwanamke aliyekuwa anaanika nguo kwenye roshani aligeuka. "Ulisimama kando yangu kwenye ile korido. Ulijua. Wakakuuliza kama una neno, ukasema huna. Leo halina kazi ndiyo unaniletea, pamoja na chai na vitambaa vyako! Mimi nimekukasirikia, kaka. Nimekasirika tangu siku ile, na leo nimekasirika zaidi, na kesho nitaamka bado nimekasirika!"

Spika ilikwaruza tena.

"Nimesikia, Mwalimu," alisema Bwana Miwani.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Sasa washa indiketa, tunakata kulia."